Safari ya ndege haianzii uwanjani: maana ya Kiwanja cha Musoma kwa mwananchi wa Itiryo

Na Mwandishi Maalumu, Mara

Kila inapotolewa taarifa kuhusu uboreshaji wa Kiwanja cha Ndege cha Musoma, wananchi wa Mkoa wa Mara huuliza swali lililo wazi: kutoka Musoma hadi Dar es Salaam kwa ndege ni umbali gani, na safari itachukua muda gani? Jibu la haraka linapatikana kwa kupima ramani. Jibu lenye manufaa kwa mkazi wa Kata ya Itiryo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu safari yake haianzii katika njia ya kurukia ndege. Inaanzia nyumbani, kwenye barabara ya kijijini, jirani na mpaka wa Tanzania na Kenya.

Makala haya yanachambua umbali na muda huo, ili mwananchi anaposikia tangazo la safari mpya ya ndege, au anaposhika tiketi yake, aweze kupanga safari kwa uhakika.

Musoma na Mwanza: umbali unaokaribiana

Wengi huamini kwamba Musoma, kwa kuwa iko kaskazini zaidi, iko mbali zaidi na Dar es Salaam kuliko Mwanza. Kwa msafiri wa basi anayepitia Mwanza dhana hiyo ni sahihi, kwani akifika Mwanza hubakiwa na takriban kilomita 220 za barabara kabla ya kuingia Musoma. Angani hali ni tofauti. Ukipima kwa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere hadi Mwanza ni takriban kilomita 850. Kutoka kiwanja hicho hicho hadi Musoma ni takriban kilomita 845. Viwanja hivi viwili vya Kanda ya Ziwa viko karibu umbali sawa kutoka Dar es Salaam. Mwanza iko magharibi zaidi, Musoma iko kaskazini zaidi, na tofauti hizo mbili zinafidiana.

Marubani hutumia maili za baharini, ambapo maili moja ni sawa na kilomita moja na mita 852. Kwa kipimo hicho, safari ya Dar es Salaam hadi Musoma ni takriban maili 456. Huo ni umbali wa mstari. Ndege halisi huongeza kilomita kadhaa kwa kufuata njia za anga zilizowekwa na kwa kuzunguka ili kutua kwa kuukabili upepo.

Kwa sababu hiyo, mtu atakayeruka kutoka Musoma hatapunguza muda wa kukaa angani akilinganishwa na anayeruka kutoka Mwanza. Faida ya kiwanja cha Musoma iko kwingine, yaani katika barabara.

Kasi ya ndege huokoa dakika, barabara huokoa saa

Tangu mwaka 2016, Serikali imekuwa ikinunua ndege ambazo huendeshwa na Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL). Kwa safari za ndani, aina mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni De Havilland Dash 8-400, maarufu kama Q400, yenye mapangaboi na viti 76. Mbili za mwanzo ziliwasili nchini Septemba 2016. Ya pili ni Airbus A220-300, ndege ya injini za jeti yenye viti 132, iliyoanza kuwasili Desemba 2018.

Q400 inaweza kwenda kwa kasi ya takriban kilomita 650 kwa saa ikiwa angani. A220 hukaribia kilomita 830 kwa saa. Kwa hesabu ya kawaida, kilomita 845 huchukua takriban dakika 78 kwa kasi ya kwanza na dakika 61 kwa kasi ya pili. Tofauti ni dakika 17. Kwa kila aina ya ndege huongezwa dakika za kutembea ardhini kutoka maegesho hadi njia ya kurukia, za kupanda na za kushuka. Ndiyo maana safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, ambayo kwa kasi ya jeti ingeonekana kuwa ya muda wa saa moja tu, katika ratiba hupewa takriban saa moja na nusu.

Hapa ipo tofauti ambayo msafiri anapaswa kuifahamu. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena mwisho wa safari. Muda wa angani ni mfupi zaidi. Tangazo linaposema safari ni ya muda fulani, msomaji aangalie ni muda upi unaotajwa.

Sasa tulinganishe dakika hizo 17 na barabara. Kutoka mji wa Tarime hadi Mwanza, kupitia daraja la Kirumi katika Mto Mara, Bunda, Lamadi na Magu, ni zaidi ya kilomita 250. Kutoka Tarime hadi Musoma ni chini ya kilomita 100. Tofauti ni zaidi ya kilomita 150 kwa kwenda, na nyingine kama hizo kwa kurudi. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa mabasi nchini ni kilomita 80 kwa saa. Hata basi likienda kwa mwendo huo bila kusimama popote, jambo ambalo halitokei, kilomita 150 huchukua karibu saa mbili. Ukijumlisha vituo, mizani na ukaguzi, muda huo huongezeka. Kubadilisha aina ya ndege kunaokoa dakika chache. Kusogeza kiwanja karibu na mwananchi kunamwokolea saa kadhaa, pamoja na gharama ya kulala njiani.

Hesabu ya mgonjwa mwenye rufaa

Maana ya saa hizo huonekana wazi katika huduma ya afya. Mfumo wa rufaa nchini humpeleka mgonjwa hatua kwa hatua: kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hatimaye hospitali ya taifa. Kwa mkazi wa Itiryo, ngazi hizo humtoa kijijini hadi Tarime, kisha Musoma ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa. Huduma za kanda zinapohitajika, hupelekwa Bugando jijini Mwanza. Ugonjwa unapohitaji mabingwa wa Muhimbili au wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, safari ni ya Dar es Salaam.

Tumchukue, kwa mfano tu, mgonjwa kutoka Itiryo aliyepangiwa kuonana na daktari bingwa Dar es Salaam saa tatu asubuhi siku ya Jumatano. Akisafiri kwa basi, ana zaidi ya kilomita 1,200 mbele yake. Kwa mwendo wa juu unaoruhusiwa hizo ni saa 15 za gurudumu kuzunguka bila kusimama. Ni lazima aondoke Jumatatu ili afike akiwa na usiku mmoja wa kupumzika. Akiruka kutoka Mwanza, hutumia sehemu kubwa ya Jumanne barabarani kabla ya kuiona ndege, na ikiwa ndege ni ya asubuhi, hulazimika kuondoka Jumatatu na kulala Mwanza. Kwa hesabu hiyo, safari ya muda wa saa moja na nusu imekula siku mbili sawa na basi, na kwa gharama kubwa zaidi.

Akiruka kutoka Musoma, hesabu inabadilika. Anaweza kuondoka nyumbani Jumanne asubuhi, akapanda ndege ya mchana na kulala Dar es Salaam usiku huo huo. Kwa mgonjwa wa moyo, kwa mama mwenye mtoto mchanga, na kwa msindikizaji aliyeacha shamba na mifugo, siku moja iliyookolewa ina uzito kuliko kilomita zozote zilizoandikwa katika ramani.

Hata hivyo, masharti mawili lazima yatimie. La kwanza ni ratiba. Ndege ikiondoka Musoma alfajiri, mkazi wa Itiryo atalazimika kulala Musoma. Ikirudi jioni sana, vivyo hivyo. Kwa abiria wa vijijini, ndege ya katikati ya mchana ina manufaa zaidi kuliko ya alfajiri. Hili ni jambo ambalo wananchi na viongozi wao wana haki ya kulitolea maoni wakati ratiba zinapopangwa.

La pili ni barabara ya kijijini. Kipande kati ya Itiryo na mji wa Tarime ni kifupi, lakini ndicho kisichotabirika, hasa katika msimu wa mvua. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya husimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ndege inaweza kufika kwa wakati na msafiri asiwepo kwa sababu ya kilomita chache za tope. Kwa hiyo kiwanja cha Musoma na barabara za Tarime ni safari moja, na mafanikio ya kimoja hupimwa kwa kingine.

Viwanja vilivyo karibu kwenye ramani

Msomaji makini wa ramani anaweza kuuliza kwa nini mkazi wa Tarime asitumie viwanja vingine vilivyo karibu. Swali hilo ni la msingi. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Tarime hadi Mwanza ni takriban kilomita 200, ilhali hadi Seronera, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ni takriban 130, na hadi Kisumu nchini Kenya ni takriban 140. Vyote viwili viko karibu kuliko Mwanza.

Seronera, pamoja na kuwa takriban kilomita 690 tu kutoka Dar es Salaam, ni kiwanja kilicho katikati ya hifadhi. Kinahudumia watalii wanaokuja kuona wanyama, na kukifikia ni lazima kuingia hifadhini kwa taratibu, viingilio na muda uliowekwa. Kwa mwananchi mwenye rufaa ya hospitali, hicho si kituo cha usafiri.

Kisumu hufikiwa kwa barabara kupitia mpaka wa Sirari na Isebania, njia ambayo Wakurya wa pande zote mbili wameizoea. Lakini kutoka Kisumu mtu huruka takriban kilomita 280 hadi Nairobi, kisha takriban 665 hadi Dar es Salaam. Jumla ni kilomita 945, yaani karibu mia zaidi ya njia ya Mwanza. Kilomita hizo mia hazizidi dakika kumi za mwendo wa ndege. Kinachopoteza muda ni ukaguzi mara mbili, kusubiri ndege ya kuunganisha, na taratibu za uhamiaji wakati wa kutoka nchi moja kuingia nyingine.

Kwa nini uboreshaji wa kiwanja ni jambo la hesabu

Kwa miaka mingi Kiwanja cha Musoma kilikuwa na njia isiyo ya lami, iliyofaa ndege ndogo. Serikali imekuwa ikitekeleza mradi wa kukiboresha ili kiwe na njia ya lami na kiweze kupokea ndege kubwa zaidi. Baadhi ya wananchi hujiuliza kwa nini urefu wa njia unajadiliwa kwa mita. Sababu ni ya kitaalamu.

Musoma iko zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na wakati wa joto huwa nyepesi zaidi. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mabawa kuinua ndege. Kwa hiyo ndege yenye uzito ule ule huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini kabla ya kuruka kutoka Musoma kuliko kutoka Dar es Salaam. Njia ikiwa fupi, rubani hulazimika kupunguza uzito, maana yake ni abiria wachache au mizigo michache, na nauli ya kila kiti hupanda. Mita za lami, kwa hiyo, huingia moja kwa moja katika bei ya tiketi.

Taa nazo zina nafasi yake. Kiwanja kisicho na taa za kuongozea ndege hufanya kazi mchana pekee. Tanzania nzima hutumia saa moja ya Afrika Mashariki, lakini jua halizami kwa pamoja. Kwa kuwa Musoma iko magharibi ya Dar es Salaam, jua huzama huko kwa wastani wa takriban dakika 20 baadaye. Ndege iliyochelewa Dar es Salaam ina dakika hizo tu za ziada. Zikipita, safari huahirishwa hadi kesho au ndege hupelekwa kiwanja chenye taa.

Hali ya hewa ya Ziwa Victoria pia haina mzaha. Mvua za radi hujikusanya haraka juu ya maji. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na Kiwanja cha Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha. Rubani anapoamua kuzunguka, kusubiri au kugeuza ndege kwenda kiwanja kingine kwa kufuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na maelekezo ya waongoza ndege, abiria hawana sababu ya kulalamikia muda. Muda huo umenunua usalama wao.

Kusoma saa ya tiketi

Lipo jambo moja linaloweza kumfanya msafiri akose ndege ingawa barabara ni nzuri na kiwanja kimekamilika. Tiketi huandikwa kwa saa za mfumo wa 24, zinazoanza usiku wa manane. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Tofauti ni saa sita kamili.

Tiketi ikiandikwa 07:10, ndege inaondoka saa moja na dakika kumi asubuhi. Anayeisoma kuwa saa saba na dakika kumi mchana atafika saa sita baada ya ndege kuondoka. Ikiandikwa 13:00, hiyo ndiyo saa saba mchana. Ikiandikwa 19:30, ni saa moja na nusu usiku.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa safari za usiku. Tiketi ya tarehe 15 iliyoandikwa 00:30 inamaanisha saa sita na nusu usiku, mara tu baada ya tarehe 14 kwisha. Msafiri lazima awe kiwanjani usiku wa tarehe 14. Akingoja usiku wa tarehe 15, amechelewa kwa siku nzima.

Kwa safari za nje huongezeka tofauti ya majira. Kenya na Uganda zina saa sawa na Tanzania. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma kwa saa moja. India, ambako baadhi ya wagonjwa wetu huenda kutibiwa, iko mbele kwa saa mbili na nusu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni takriban kilomita 4,700. Tuchukue mfano wa safari ya muda wa saa sita. Ukiondoka Dar es Salaam saa nne usiku, tiketi itaonyesha kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kana kwamba umesafiri saa nane na nusu. Ukirudi kwa kuondoka Mumbai saa mbili na nusu asubuhi, utafika Dar es Salaam saa sita mchana, kana kwamba ni saa tatu na nusu tu. Ndege haikubadilisha kasi. Kila mji umeandikwa kwa saa yake.

Nini cha kufuatilia

Kutokana na uchambuzi huu, mwananchi anayefuatilia taarifa za Kiwanja cha Musoma anashauriwa kuangalia mambo manne: urefu wa njia na aina ya ndege itakayoruhusiwa, kuwepo kwa taa za kuongozea ndege, saa za kuondoka na kurudi zitakazopangwa, na hali ya barabara inayomfikisha kiwanjani. Umbali wa kilomita 845 hautabadilika. Mambo hayo manne ndiyo yatakayoamua kama kilomita hizo ni safari ya siku moja au ya siku mbili.

Abiria kutoka Mara anaposhuka Dar es Salaam, hukanyaga kiwanja chenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoani humo humo. Kipimo cha haki cha mradi wa Musoma ni siku ambayo mkazi wa Itiryo ataamka nyumbani kwake, asafiri kwa mwanga wa jua, na kufika hapo jioni ile ile bila kulala njiani.